Mkono wa Mzee Gramu

Dada yangu Pishi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, mshono haujakauka vizuri na tayari unataka kushika beseni. Mshono wa tumbo si wa gauni, dada. Huo ukifumuka, mimi fundi wako sina uzi wa rangi yake. Msalimie shemeji, ambaye nasikia siku hizi ndiye anayefua nepi na kulalamika mgongo. Mwambie hata sisi wanawake tuna migongo, ila hatujapata nafasi ya kuitangaza. Na huyo kijana wako mpya mbusu nyayoni kwa niaba yangu. Picha ulizotuma nimeziangalia mpaka simu ikapata moto. Pua ni ya Baba, hilo halina mjadala, pole yake.

Shangazi anakusalimu. Magoti yanamsumbua, mdomo haujambo.

Sisi huku tupo. Ndivyo nilivyokuwa nikikujibu kwenye simu tangu kabla hujajifungua, kwamba tupo, na kwamba Baba amelala, au yuko bafuni, au ametoka kwenda kunyoa. Hakuna mzee duniani anayenyoa mara nyingi hivyo, dada. Uliniuliza kwa kicheko kama amepata mchumba, nami nikacheka nawe, halafu nikakata simu nikakaa chini sakafuni. Baba yuko hospitali. Alianguka akavunjika nyonga, na sasa hivi nyonga ndiyo sehemu ndogo ya ugonjwa wake. Nakuandikia kwa sababu yeye mwenyewe ameniagiza: kuna neno anataka ulipate likiwa limeandikwa, si la kwenye simu, na kaka yake shemeji anakuja huko kesho na lori lake. Neno lenyewe nitalifikia. Niache nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho hutanielewa, na karatasi yenyewe nitailowesha bure.

Unakumbuka Baba alivyokwenda kutazamwa kikohozi, wakamfunga mkanda mkononi, wakamwambia kikohozi si kitu, ila presha iko juu sana. Yeye hakuumwa kichwa, hakuona giza, moyo ulikuwa unadunda zake kimya kimya. Alirudi nyumbani amekasirika kama mtu aliyesingiziwa. Ukamletea ile mashine ndogo ya kujipimia, ukidhani umemletea zawadi. Kumbe ulimrudisha kazini.

Siku ya kwanza hakujipima. Aliipima mashine. Alinifunga mimi mkanda, mimi nikawa sawa. Akamfunga Shangazi, akawa sawa, jambo lililomuudhi Shangazi kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu ana presha. Akamfunga jirani fundi baiskeli. Kisha akaibeba kwenye mfuko mpaka duka la dawa, akaomba apimwe kwa yao, halafu kwa yake, halafu kwa yao tena. Akaenda zahanati, akafanya vile vile. Popote alipokwenda mashine zilikubaliana: watu wote namba zao za kawaida, yeye mia na themanini na zaidi. Alirudi akaketi kwa heshima mbele ya ile mashine, akanieleza kwamba mizani tatu zisizojuana zikitoa uzito mmoja, mwenye mzigo hana cha kusema.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimfuata sokoni ulipokuwa mdogo, unamjua kuliko mimi. Unajua jinsi alivyofungua lile sanduku lake la mbao la mkaguzi wa mizani, akapanga mawe ya shaba kwenye mizani ya muuza nyama, na soko zima likanyamaza. Mizani nzuri aliigonga muhuri. Mbovu aliifunga kadi nyekundu kwa waya, na hata mwenye duka angelia machozi ya damu, kadi haikutoka. Wauza nyama walikuwa wakimsalimia kwa mikono miwili juu ili aone hakuna kidole kilichobaki kwenye sahani. Mzee Gramu, walimwita, na yeye alijifanya hajui. Mtu wa namna hiyo, dada, ukimpa kipimo kilichothibitishwa, atakiamini kuliko damu yake mwenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa.

Dawa ikawa moja. Namba haikushuka. Zikawa mbili, na namba ikashuka kidogo sana, kama mtu anayekataa kuondoka kwenye kiti. Zikawa tatu. Kuanzia hapo nikaanza kuona mambo. Akisimama, alishika ukuta kwanza, akijifanya anautazama rangi. Akiinama kufunga kamba za viatu, alikaa kitambo kabla ya kuinuka. Mara moja nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa karo la jikoni, uso una jasho, maji yanatiririka. Nikamwambia, Baba, wewe unaumwa na dawa, si na presha. Akaniambia maneno ambayo sasa yananizunguka kichwani nikiwa kwenye cherehani. Alisema maisha yake yote amesikia wafanyabiashara wakimwambia mizani ndiyo iliyokosea, na hajawahi kukutana na hata mmoja aliyesema, samahani, mkono wangu ndio uliokosea.

Nilimpeleka kliniki, usidhani nilikaa. Nilimweleza daktari habari ya kizunguzungu. Daktari ni kijana mpole, hana makosa. Alimfunga mkanda mbele yangu, sote watatu tukatazama namba ikipanda, akanigeukia kwa huruma akasema kwamba kwa presha ya namna hii kizunguzungu si ajabu, na dawa haziwezi kupunguzwa. Namba ilikuwa pale. Mimi najua kupima kiuno na bega. Tukarudi nyumbani na dawa ya nne.

Alianguka mchana, baada ya usingizi wa chakula. Nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti yake ikiniambia nisikimbie, nitajikwaa. Alikuwa amelala kati ya kitanda na dirisha na mguu umegeukia upande usio wake. Wewe ulikuwa umebakiza siku chache ujifungue. Kabla hajaniruhusu nimwite mtu, aliniapisha kwamba sitakuambia. Nikaapa nikiwa nimepiga magoti, nikimshika kichwa. Fundi baiskeli na mwanawe wakambeba kwenye mlango wa stoo tuliong'oa bawaba.

Hospitali walisema nyonga itapasuliwa, lakini kwanza presha ishuke. Mkanda ulikuwa unasema mia na tisini na kitu. Hakuna daktari anayempeleka mtu wa namba hiyo kwenye kisu, hilo hata mimi nalielewa. Wakaanza kumpa dawa nyingine ya kupitia mshipani, na tukakaa kusubiri namba ishuke.

Sasa sikiliza dada, hapa ndipo pagumu kuandika. Namba haikushuka, lakini Baba alishuka. Sina namna nyingine ya kusema. Mikono ilikuwa baridi. Midomo ikapauka. Akaanza kuniita kwa jina la Mama, akaniuliza kama nimefunga kuku. Mfuko wa mkojo uliokuwa umening'inia kitandani ulikaa vile vile toka asubuhi, kijiko kimoja cha maji meusi. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, alikuwa anakuja, anamshika paji la uso, anatazama mashine, anamshika tena, anaondoka akitikisa kichwa. Nilimsikia akimwambia daktari wa wodi kwamba uso wa mzee huyu na namba yake havijuani. Daktari akasema naye anaona hivyo hivyo. Basi wote wawili wakasimama wakiitazama ile namba. Na mimi nikaitazama. Watu wazima watatu, kila mmoja anaona kwa macho yake mtu anazimika, na hakuna aliyethubutu kuipinga mashine. Sijawahi kuhisi mikono yangu ikiwa mitupu kiasi kile.

Aliyeipinga alikuwa daktari wa usingizi, aliyekuja tu kumwangalia kwa ajili ya upasuaji. Ni mwanamke mfupi, anatembea haraka, miwani ameifunga kwa kamba shingoni kama mwalimu wa cherehani. Alimshika Baba kifundo cha mkono akakibonyeza muda mrefu, akaubiringisha mshipa chini ya kidole. Akaniita nami niushike. Dada, ulikuwa mgumu kama waya uliofunikwa ngozi. Akaagiza Baba ahamishiwe chumba cha uangalizi, na huko akaingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wenyewe pale kwenye kifundo, mrija unaopeleka nguvu ya damu moja kwa moja kwenye skrini bila mkanda wala kukisia. Ikatokea namba nyekundu. Themanini na mbili.

Wakati huo huo mkanda kwenye mkono wa kushoto ulikuwa unasema mia na sabini na nne. Akauhamisha mkanda akauleta mkono wa kulia, ule ule wenye mrija, ili asiwe na shaka. Mia na sabini na kitu tena. Mkono mmoja, mtu mmoja, dakika moja, na namba mbili ambazo moja inasema punguza upesi na nyingine inasema mtu huyu anakwisha. Daktari wa wodi alitoka nje kidogo. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Walizima dawa zote na kufungua dripu.

Yule mama wa usingizi alinikalisha akanieleza. Mkanda, alisema, hupima kwa kukaba. Hukaba mshipa mpaka damu isimame, halafu hulegeza taratibu na kuvizia damu inaporudi. Kwa watu wengi si mbaya, hukosea hapa na pale kidogo, na ndiyo maana dunia nzima inautumia. Lakini mishipa ya Baba imeota chokaa ndani, kama birika la siku nyingi. Mkanda unajitahidi kuubana mshipa mgumu, na nguvu yote inayotumika kushindana na ugumu huo unaihesabu kuwa ni ya damu. Wenye hali hii si wengi, na ukiwatazama kwa nje huwajui. Hata mashine mia zingekubaliana, zote zingekosea pamoja, kwa sababu kosa haliko kwenye mashine. Nilimuuliza daktari huyo ni tangu lini Baba amekuwa hivyo. Akasema hawezi kujua. Huenda tangu siku ile ya kikohozi. Huenda hakuwa na presha kubwa hata siku moja, au alikuwa nayo ndogo tu. Alinishika bega, akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine, na mimi nikabaki kwenye benchi nikifungua na kufunga vifungo vya sweta ya Baba.

Shangazi nilipomweleza alisema yeye alijua tangu mwanzo. Mwache.

Kwa siku chache mambo yalinyooka. Namba nyekundu ikapanda mpaka mia na kumi, mia na kumi na tano, na Baba akarudi. Aliulizia chai. Aliniita kwa jina langu, Kibaba. Kisha akaona skrini, na kwa kuwa ni yeye, hakuuliza kuhusu nyonga yake, aliuliza kwa nini kitanda kimoja kina vipimo viwili visivyopatana na nani aliyeviruhusu vifanye kazi. Daktari wa usingizi akaja akamweleza kama alivyonieleza mimi. Baba alisikiliza macho ameyafumba. Alipomaliza, Baba alisema ameelewa, ni sawa na kupima nyama pamoja na karai lake na kumwambia mteja yote ni nyama. Daktari akacheka, akasema hajawahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo. Baba hakucheka. Alingoja daktari atoke, kisha akasema, karai lenyewe ni mimi.

Laiti ule mrija ungeruhusiwa kukaa, dada. Lakini vidole vya mkono ule vilianza kupoa na kupoteza rangi, wakaogopa damu isije ikakatika, wakautoa. Wakajaribu mkono wa kushoto. Yule mama alijaribu kwa uvumilivu wote, sindano ikawa inateleza juu ya mshipa kama inachoma ufito, Baba ameuma meno, mimi nimegeukia ukutani. Wakashindwa. Sehemu nyingine za kuweka mrija zipo, lakini kwa hali ya damu yake na mafigo yake wanaogopa kuleta balaa jingine. Ndiyo, mafigo. Yale masaa ya baridi yaliyaumiza, na mpaka leo hayajaamka sawasawa. Wanasema tusubiri. Upasuaji wa nyonga nao unasubiri mafigo. Kila kitu hapa kinasubiri kitu kingine, na mimi navisubiri vyote.

Kwa hiyo tumerudishwa wodini, tumebaki na mkanda. Unaelewa maana yake? Hakuna anayejua presha ya Baba ni ngapi. Kanuni ya wodi inataka kila zamu ipime na iandike, basi wanapima wanaandika mia na themanini, na kila anayeandika anajua anaandika uongo. Na zamu hubadilika. Asubuhi moja alikuja muuguzi mgeni aliyeazimwa kutoka wodi nyingine, akapima, akashtuka, akakimbilia dawa, na kama nisingekuwa nimerudi mapema na uji, sijui. Nilimshika mkono. Nadhani nilipiga kelele, maana watu walikuja. Baba aliyaona yote yale akiwa amelala.

Walipoondoka aliniagiza niende nyumbani nikafungue sanduku lake, chini kabisa, chini ya mawe ya mizani. Nilikuta kadi tatu nyekundu zimebaki na waya wake. Unazikumbuka: IMEKATALIWA. ISITUMIKE. Nikaleta moja. Akanyoosha mkono wa kulia, ule wanaoutumia kupimia kwa sababu wa kushoto una dripu, akataka niifunge. Nikakataa. Nikamwambia nitaandika karatasi nzuri nibandike ukutani, kwa herufi kubwa. Akasema mizani mbovu haiwekewi alama ukutani, inawekewa alama yenyewe, kwa sababu mnunuzi hatazami ukuta. Nilimfunga, dada. Niliupitisha waya mara mbili kwenye kifundo cha baba yangu, juu ya bandeji ili usimkate, na nikausokota kama alivyotufundisha. Muuguzi mnene alipokuja akaisoma, akanitazama, akamtazama Baba. Akampa Baba pole ya kazi, kama kwa mfanyakazi mwenzake, na tangu hapo hakuna aliyeigusa.

Jioni ile ndipo alipolitoa neno lake. Sasa nakufikishia kama alivyolitoa.

Unajua kwamba tangu ulipolazwa kitandani na ile mimba, baada ya ile iliyotangulia kutoka, Baba alikuwa anakupigia kila jioni na kukusomea presha yake, ukafurahi kwamba dawa inafanya kazi. Mia na thelathini, alikuwa akikuambia. Mia na ishirini na nane. Siku nyingine mia na thelathini na mbili, ili isiwe safi mno. Dada, hakuna siku mashine ilisema hivyo. Mimi niligundua siku moja nilipopita nyuma ya kiti chake nikitafuta mkasi. Mashine mezani ilikuwa na mia na themanini na nane, na mdomo wake ulikuwa unakusomea mia na ishirini na sita. Nilisimama kama nimepigwa. Baba yetu! Mtu aliyekataa kula harusini kwa muuza unga kwa sababu aliwahi kufunga mizani yake! Akaniona, akaweka kidole mdomoni, akaendelea kukuuliza kama unalala vizuri. Hatukulizungumza tena mpaka hospitali. Mimi nilinyamaza kwa sababu iliyomfanya yeye aseme. Tulimwogopea mtoto.

Alichoniagiza ni hiki: niandike kwamba alikupunja. Alitumia neno hilo hilo. Kwamba alikupa uzito wa uongo jioni hadi jioni, na kwamba hataki kuingia chumba cha upasuaji, au popote atakapoingia, akiwa na mteja aliyempunja na hajamwambia. Mimi nilidhani nina dawa ya kumtuliza. Nilimwambia, Baba, lakini yule mama wa usingizi amesema presha yako ya kweli huenda ilikuwa hiyo hiyo, mia na ishirini na kitu, pengine chini yake. Namba uliyomtungia Pishi ndiyo iliyokuwa ya kweli, na ya mashine ndiyo iliyokuwa ya uongo. Nilidhani atatabasamu. Alikasirika, dada, mpaka muuguzi akageuka. Alisema muuza nyama anayekisia kilo kwa mkono, hata akipatia, anapata kadi nyekundu kama mwingine. Kupatia si kupima.

Kisha hasira ikamtoka, akabaki ametazama dari. Akasema tena, kwa sauti ndogo, kwamba mwili wake ulikuwa unamwambia. Kila alipoushika ule ukuta ulimwambia. Kuna wakati mimi nilikwenda kushona sare za shule kule ng'ambo ya mto nikalala huko, yeye akaacha dawa zote, kujaribu tu, na kwa siku hizo alipanda ngazi, alichimba bustani, alijisikia kijana. Halafu akajipima. Mashine ikasema mia na tisini na tano. Akarudia dawa zake usiku ule ule, kwa sababu kujisikia si kipimo. Nilimshika ule mkono wenye kadi. Nimetafuta jibu la kumpa tangu siku ile, dada, na wewe ukilipata niletee. Angekuambia namba za mashine, ungelia na kumwambia aongeze dawa. Asingekuambia kitu, ungekuja na tumbo lako. Tungeacha dawa, tungeonekana wajinga. Nageuza huku na huku, sioni mlango tuliopaswa kupita.

Nilipomwonyesha picha za mtoto alizitazama moja moja. Akasema kwa kuwa alitupa majina ya vipimo vya nafaka, wewe Pishi na mimi Kibaba, huyu ni Kisaga, nusu ya mama yake, na kama mmempa jina jingine ni shauri yenu. Akauliza alizaliwa na uzito gani. Nikamtajia. Akauliza kama waliitoa shuka kabla ya kumweka kwenye mizani. Nikamwambia sijui. Akasikitika sana, kama hilo ndilo tatizo kubwa katika chumba kile. Akasema aletwe, atampima mwenyewe, na akaunyanyua ule mkono wa kulia na kadi yake ikining'inia. Mimi nikaiangalia ile kadi, naye akaona ninachoangalia. Akaniambia mkono huu umekataliwa kupimwa, haujakataliwa kupima.

Hayo yalikuwa juzi. Tangu mrija utoke, kazi yangu imekuwa kumuuliza. Daktari wa usingizi alisema kwa sasa hatuna kipimo kingine: tumguse ngozi, tutazame mkojo, na tumuulize mwenyewe anajisikiaje, na tumwamini. Basi kila asubuhi namuuliza, na yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kulijibu swali hilo bila kutazama namba, alikuwa anafumba macho, anajisikiliza, ananijibu. Jana alisema ni kama amebeba gunia lakini njia si ndefu.

Leo asubuhi nimemuuliza, hakunijibu. Nimemuuliza tena kwa sikio la pili, alifungua macho, akanitazama kama mtu anayenitambua kwa mbali, akayafumba. Mkono si baridi sana, au ni mimi nataka usiwe baridi. Mkojo ni kidogo. Mkanda umesema mia na sabini na sita, na muuguzi ameandika. Nimesimama pale na futi yangu shingoni, dada, binti wa mkaguzi wa mizani, na sijui kama baba yangu anapona au anakwenda. Hakuna anayejua. Nimewauliza wote.

Najua niliyoandika hapo juu kuhusu mshono na beseni. Yafute. Kaka yake shemeji anageuza lori siku hiyo hiyo akishashusha mzigo, nimeshazungumza naye, ametengeneza nafasi ya wewe kulala. Njoo na Kisaga. Na mkifika mlangoni pa wodi, kabla hujamweka mikononi mwa Baba, mvue shuka.

Msalimie shemeji, na umwambie nepi anaweza kuja nazo huku huku, kamba ya kuanikia ipo. Shangazi anasema mfunike mtoto kichwa njiani. Nakungoja.

Mdogo wako,
Kibaba